“Hakuna utafiti uliofanyika Dodoma”: nani kasema?

Rasimu ya kwanza ya pendekezo langu la utafiti wa shahada ya umahiri ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote. Ilisema hivi: “Hakuna kumbukumbu za muda mrefu za kina cha maji ya ardhini katika Dodoma na nyanda za kati.” Niliipenda kwa sababu ilikuwa inanipa kazi. Kila aliyekaa kwenye darasa la mbinu za utafiti anajua mchezo ulivyo: ukishaonyesha pengo, mada umeshaipata, kilichobaki ni kutafuta hela ya kwenda fildi.

Rasimu ikarudi kwa msimamizi wangu. Sentensi ile imezungushiwa duara jekundu, na pembeni ameandika: “Nani kasema? Umetafutaje?”

Nikamwambia, Dokta, nimetafuta kila mahali. Hakubishana na mimi. Jioni akanitumia kiungo kimoja WhatsApp, bila hata salamu. Ilikuwa makala ya mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, ya Richard Taylor na wenzake, wakiwemo Watanzania. Ndani yake kuna kumbukumbu za vipimo vya maji ya ardhini za miaka 55. Miaka hamsini na mitano! Na vipimo vyenyewe vilichukuliwa Makutupora, kwenye visima vilevile vinavyolisha mji wa Dodoma. Yaani maji niliyokuwa nachemshia chai wakati naandika kwamba hakuna anayejua habari zake.

Ngoja kwanza nieleze makala ile inasema nini, maana bila hivyo hamtaona hasara ilikuwa wapi. Bonde la Makutupora halijazwi na mvua ya kawaida ya kila mwaka. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina cha maji kinashuka tu, taratibu. Halafu inakuja mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na maji ya chini yanapanda kwa kishindo. Misimu michache ya mvua kubwa inachangia kiasi kikubwa cha maji yote yanayofika chini, kuliko unavyoweza kudhani ukiangalia wastani wa mvua peke yake. Sasa fikiria mimi na mpango wangu wa kupima misimu miwili ya mvua. Kama misimu hiyo ingekuwa ya kawaida, ningeona mstari unashuka, ningechora grafu nzuri, na ningeandika kwamba maji ya Dodoma yanaisha. Mji ulioamuliwa kuwa makao makuu tangu 1973, na ambao serikali imehamia kwa vitendo kuanzia 2016, hauhitaji grafu ya namna hiyo kutoka kwa mtu aliyeshindwa kutafuta.

Kwa hiyo swali la “umetafutaje” halikuwa la adabu za kitaaluma tu. Nikafungua historia ya kivinjari changu nione nilichofanya.

Na nilichokiona ni kwamba nilitii. Nilifanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Mnaijua ile PDF ya kurasa mbili inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi kila mwaka, ile yenye miduara miwili inayopishana? Chagua maneno muhimu. Unganisha kwa AND. Visawe viunganishe kwa OR. Usichokitaka kiondoe kwa NOT. Weka alama za kunukuu kwenye fungu la maneno, weka kinyota mwishoni mwa mzizi. Basi. Nami niliandika “Dodoma” AND “groundwater” AND “long-term”, nikabonyeza, nikasoma vichwa vya habari kurasa tatu, nikafunga kompyuta.

Sina ugomvi na alama zenyewe. Zimetokana na kazi ya George Boole, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha mantiki mwaka 1854, miaka mingi kabla ya kompyuta, na mantiki yake haijachakaa. Ugomvi wangu ni na somo. Somo letu la utafutaji linafundisha viunganishi na kuacha majina, kana kwamba kila kitu duniani kina jina moja, na kila mtafiti analijua, na kila mwandishi aliliweka kwenye kichwa cha makala yake. Kwa mtu anayetafuta makala kuhusu dawa fulani ya saratani hilo linaweza kukaribia ukweli. Kwa mtu anayetafuta habari za nyanda za kati za Tanzania, si kweli hata kidogo.

Tuchukue makala ileile. Kichwa chake kinazungumzia maji ya ardhini kutegemea mvua zilizopita kiasi katika Afrika Mashariki. Neno Dodoma halimo. Neno Tanzania halimo. Ukishuka kwenye ikisiri unakuta “central Tanzania”, yaani Tanzania ya kati, na “semi-arid tropics”, tropiki nusu kame. Hapo Dodoma imegeuka kuwa aina ya hali ya hewa. Miaka minane baadaye, mwaka 2021, ikatoka makala nyingine muhimu kuhusu jinsi maji yanavyozama ardhini kwenye bonde hilohilo. Kichwa chake nacho kinasema “central, semi-arid Tanzania”. Fahirisi zinazosoma kichwa, ikisiri na maneno muhimu pekee, na Scopus ni mojawapo, haziwezi kukupa kitu ambacho mwandishi hakukiandika sehemu hizo. Umeomba Dodoma, umepewa zenye neno Dodoma. Mashine imefanya kazi yake.

Halafu kuna tahajia. Sisi tunaandika Makutupora. Makala nyingi za wanasayansi zinaandika Makutapora, na makala ya 2013 ni mojawapo. Herufi moja tu. Kama ningekuwa mjanja kiasi cha kutafuta kwa jina la mahali badala ya jina la mkoa, bado ningeandika kama kibao cha barabarani kinavyosema, na ningekosa. Ile PDF inasema neno lenye tahajia mbili liunganishwe kwa OR, na mfano wake ni wa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Sawa, asante. Lakini mfano wa kutufaa ulikuwa hapa, kilomita chache kutoka tulipokuwa tumekaa.

Na neno “Dodoma” lenyewe limeharibika kama neno la kutafutia, jambo ambalo sijaona likisemwa popote. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, na tangu hapo walimu na wanafunzi wake wamechapisha makala juu ya kila kitu chini ya jua, na kila makala ina anwani ya Dodoma. Ongeza wizara zilizohamia huku na masanduku yao ya posta. Ukitafuta “Dodoma” kwenye Google Scholar, ambayo husoma makala nzima pale inapoweza kuifikia, unaletewa utafiti wa samaki wa Ziwa Tanganyika ulioandikwa na mtu ambaye ofisi yake iko hapa. Dodoma imekuwa anwani kabla haijawa mahali. Dawa yake ipo na ni nyepesi: kwenye fahirisi chagua itafute kwenye kichwa na ikisiri tu, na kwenye Scholar tanguliza “intitle:” kabla ya neno. Ila ukifanya hivyo unarudi kwenye tatizo la kwanza, la waandishi wasioweka Dodoma kwenye kichwa. Ndiyo maana nasema huwezi kuokolewa na alama.

Wilaya nazo zina hadithi yao. Chamwino na Bahi zilimegwa kutoka Dodoma Vijijini. Chemba ilitoka Kondoa. Mtu anayetafuta historia ya mmomonyoko wa udongo Chemba akiandika “Chemba” peke yake anaanza na utafiti wa juzi. Wakati Kondoa ndiyo mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa sana kwa mmomonyoko nchini: kulikuwa na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa ili ardhi ipumzike. Watafiti wa Kiswidi waliandika sana kuhusu hilo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1972, jarida la Geografiska Annaler lilitoa kazi kubwa ya mmomonyoko Tanzania, ikiwa na uchunguzi wa mabonde ya mabwawa karibu na Dodoma mjini, Matumbulu na Ikowa yakiwemo. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, “Tanzania” haikusaidii tena, kwa sababu kabla ya 1964 hakukuwa na nchi ya jina hilo. Ni “Tanganyika”, na kabla yake ni Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako Mpwapwa unaikuta imeandikwa Mpapua na nchi ya Wagogo inaitwa Ugogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni uwele. Uwele, jamani, chakula cha hapa hapa. Rafiki yangu wa kilimo alilalamika kwamba kwenye miaka ya hamsini na sitini hakuna mtu aliyejali uwele Tanganyika, wote walikuwa wanaangalia pamba na karanga. Nikamuuliza anatafuta kwa neno gani. “Pearl millet”, akasema, na jina la kisayansi, Pennisetum glaucum. Sasa, mabwana kilimo wa Kiingereza wa enzi hizo hapa Afrika Mashariki hawakuwa wanasema “pearl millet”. Walisema “bulrush millet”. Na jina la kisayansi waliloandika lilikuwa Pennisetum typhoides au typhoideum. Baadaye kuna walioandika americanum. Na siku hizi kuna wataalamu waliouhamishia kwenye jenasi nyingine kabisa, wanauita Cenchrus americanus. Mmea haujabadilika, uko kwenye shamba la bibi yake Kongwa, lakini kwenye maktaba umebadili jina mara nne au tano. Mtama nao ulikuwa Sorghum vulgare kabla ya kuwa Sorghum bicolor. Rafiki yangu akaandika majina yote, akayaunganisha kwa OR ndani ya mabano, kisha AND na “Tanganyika” OR “East Africa”. Sitasema alipata vingapi. Kulalamika ameacha.

Kuhusu NOT niseme kwa kifupi: msiitumie. Mtu anayetafuta udongo wa Kongwa anachoshwa na habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947 hadi 1951 uliokula mamilioni ya pauni, kwa sababu kila ukiandika Kongwa unaletewa wenyewe. Anapata wazo: NOT “groundnut”. Matokeo yanapungua, anafurahi. Lakini nani aliandika kuhusu udongo wa Kongwa bila kuutaja mradi ule hata mara moja kwenye utangulizi? Amewafukuza wote. Na ameondoa pia kila utafiti wa wakulima wa Kongwa wa leo, ambao karanga bado wanalima.

Kinyota nacho kina kasoro ambayo hakuna PDF itakayotuambia, kwa vile imeandikwa na watu wa lugha nyingine. Kinyota kinakaa mwishoni mwa neno: “farm*” inakuletea farmer, farmers, farming. Kiingereza kinabadilikia nyuma. Kiswahili kwa sehemu kubwa kinabadilikia mbele: mfugaji, wafugaji, ufugaji, mto, mito, kisima, visima. Ukitaka kutafuta tasnifu au makala za Kiswahili kwa kinyota, unahitaji kukiweka mwanzoni, na PubMed, kwa mfano, haikubali kinyota mwanzoni mwa neno. Google Scholar haikitambui kabisa kwa namna hiyo. Kwa hiyo kwa Kiswahili andika maumbo yote kwa mkono, “mfugaji” OR “wafugaji” OR “ufugaji”, hakuna njia ya mkato. Na hapo ndipo unaona kwamba vifaa hivi havikutengenezwa vikiwa na sisi akilini. Silalamiki sana kuhusu hilo. Nalalamika kwamba tunavifundisha kama vile vilitengenezwa kwa ajili yetu.

Hata ushauri wa alama za kunukuu, ambao kila mtu anautoa, una bei yake. PubMed ukiiandikia maneno bila alama, yenyewe inajaribu kuyaunganisha na istilahi zake rasmi na visawe vyake. Ukiweka alama za kunukuu unaizima kazi hiyo. Nimeona wenzangu wakifunga kila neno kwa alama, hata neno moja, wakidhani wanakuwa makini zaidi. Wanajinyima.

Sasa nitendee haki upande wa pili, maana mwenzangu mmoja hapa bloguni amesoma rasimu hii akasema nawaonea waandishi. Anasema jarida kubwa la kimataifa halitapokea kichwa chenye “Makutupora”, kwa hiyo mwandishi analazimika kupanua. Nakubali nusu. Kichwa kinaweza kuwa kipana, ila ikisiri ina maneno zaidi ya mia, na sehemu ya maneno muhimu ipo kwa kazi hiyohiyo. Jina la mkoa na jina la bonde, kwa tahajia zote mbili, halimgharimu mwandishi kitu. Na tusijifanye wasafi: nendeni kwenye hifadhi za tasnifu za vyuo vyetu wenyewe mkasome maneno muhimu yaliyowekwa. “Utafiti”, “Tanzania”, “changamoto”. Nani atatafuta kwa neno “changamoto”?

Msimamizi wangu alipoulizwa na mimi, kwa upole sana, yeye aliipataje, alicheka. Hakuitafuta. Aliikuta imetajwa kwenye marejeo ya makala nyingine, akafuata. Na hii ndiyo mbinu ambayo PDF inaitaja kwa mstari mmoja mwishoni, wakati kwa mazingira yetu ingetakiwa kuwa ukurasa wa kwanza. Ukipata makala moja nzuri, usirudi kwenye kisanduku cha kutafutia. Fungua marejeo yake, hiyo ni safari ya kurudi nyuma. Kisha kwenye Scholar bonyeza palipoandikwa “Cited by”, hiyo ni safari ya kwenda mbele, kwa wote walioitaja baadaye. Njia hii haijali kama mwandishi aliandika Makutupora au Makutapora, pearl au bulrush, kwa sababu inafuata watu na si maneno. Nilipoanza na makala ile ya 2013, ile ya 2021 nikaipata jioni ileile, kwa bando la mia tano.

Kitu kingine nilichojifunza ni kuupima utafutaji wangu kabla ya kuuamini. Kabla sijasema “hakuna”, nachukua makala mbili au tatu ninazojua zipo na zinahusu mada yangu, naangalia kama maneno yangu yanazileta. Yasipozileta, wavu wangu una tundu, na siwezi kusema lolote kuhusu samaki. Kile kikapu changu cha “Dodoma” AND “groundwater” AND “long-term” kilifeli mtihani huo mara ya kwanza tu. Ukweli ni kwamba neno “long-term” lenyewe lilikuwa kosa: nililidai liwe kwenye makala, wakati mtu mwenye vipimo vya miaka 55 anaweza kuandika tu kwamba ana vipimo vya miaka 55.

Na mahali pa kutafutia pawe zaidi ya pamoja. Scholar inatoa matokeo yasiyozidi elfu moja hata ikisema imepata laki, na zinazotajwa sana huwa zinapanda juu, kwa hiyo jarida dogo la Morogoro au Dar es Salaam linazama chini. African Journals Online, AJOL, iliyoanza 1998, inakusanya majarida ya Afrika peke yake. Huko dogo linaonekana. Mwenye chuo kilichojisajili Research4Life, iliyoanza 2002 na mkondo wake wa afya, HINARI, anaweza kufungua makala ambazo nje zinauzwa kwa dola. Na mkutubi. Wengi wetu tunapita mbele ya meza yake miaka miwili mizima tukienda kutafuta soketi ya kuchajia simu. Mimi nilikwenda baada ya aibu, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile la msimamizi, ila kwa heshima zaidi: “Karibu, mwanangu. Nionyeshe ulivyoandika.” Akachukua karatasi, akachora safu tatu: maji, mahali, muda. Chini ya “mahali” peke yake tukajaza majina kumi na moja.

Sentensi yangu kwenye pendekezo sasa ni ndefu na mbaya, na siipendi. Inataja nilitafuta wapi, tarehe gani, kwa majina yapi, na inasema kwamba nje ya Makutupora sikukuta kumbukumbu za maji ya ardhini zinazozidi miaka kumi kwenye mabonde mawili ninayoyachunguza. Msimamizi ameirudisha tena wiki iliyopita. Safari hii duara jekundu limezunguka jina la bonde moja, na pembeni ameandika: “Wajerumani waliliandikaje?”